Mzigo wa Mama Sylvie

"Dawa za shangazi zimekwisha," sauti ilisema kwenye simu.

Jepchirchir aliacha kulamba aiskrimu yake.

Maneno hayo ya siri alikuwa ameyasikia mara mbili tu katika miaka tisa ya kazi, na mara zote mbili kulikuwa na mtu aliyekaribia kuuawa. Aliitazama saa yake ya Casio. Saa saba na dakika kumi mchana, Bridgetown, kisiwani Barbados. Jua la Februari linachoma. Mbele yake daraja la Chamberlain, boti za matajiri zimefungwa kwenye bandari ya kale, na watoto wake wawili wanagombania kofia moja. Alikuwa likizoni. Aliwaapia watoto kwamba siku hii ni yao, watauzunguka mji mkongwe wote, na simu haitashikwa.

Likizo gani hiyo.

Kwa majirani zake wa Perry Barr, Birmingham, yeye ni muuguzi wa zamu, Mkalenjin mpole anayeimba sauti ya kwanza kanisani. Na uuguzi anaufanya kweli. Lakini ana kazi nyingine, kwenye ofisi isiyo na kibao nyuma ya karakana moja ya vyuma huko Tyseley, na bosi wake huko ni Inderjit, mtu asiyependa maneno mengi.

"Orodha ya mashahidi wa kesi ya dhahabu imeibwa," Inderjit alisema. "Majina mapya, anwani, kila kitu. Iko kwenye kadi ndogo ya SanDisk, ile ya kuchomeka kwenye simu. Imeshafika huko uliko."

"Albert yumo?"

"Ndiye wa kwanza."

Jepchirchir aliitupa aiskrimu kwenye pipa la taka.

Albert ni mtu wa Bukavu. Mwezi ujao alikuwa asimame mahakamani awataje wakubwa wa genge linalotorosha dhahabu. Miaka miwili iliyopita Jepchirchir ndiye aliyempokea uwanja wa ndege, akampa jina jipya na nyumba mtaa wa pili kutoka kwake. Alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe: hapa hakuna atakayekupata. Siku hizi Albert ndiye huwapeleka Ronald na Charity shuleni mama yao akiwa zamu. Genge likiipata anwani yake, hamalizi wiki.

Inderjit aliyamwaga mengine haraka haraka. Mwizi ni Emery, fundi wa kompyuta kwenye ofisi ya mawakili, na amekamatwa asubuhi. Hakutumia mtandao kwa sababu alijua unachunguzwa. Kadi aliificha ndani ya pakiti ya sombe kavu, majani ya muhogo, ambayo mama mmoja wa kanisani kwao alikuwa akimtumia mpwa wake, mpishi kwenye meli ya watalii. Meli imetia nanga Bridgetown leo tu. Mtu wa genge yumo humo kama abiria, naye ataichukua kadi kabla meli haijaondoka saa kumi na moja. Aliyebeba mzigo kutoka Birmingham ni muuguzi fulani aliyekuwa akienda likizo.

"Jina la muuguzi hatujalipata," Inderjit alisema. "Emery anacheka tu. Anasema alichagua mtu ambaye hakuna ofisa wa forodha angemshuku."

Jepchirchir aligeuka kulitazama daraja.

Mzigo huo alikuwa ameukabidhi yeye mwenyewe kwa yule mpishi, saa nne asubuhi, juu ya daraja hilo hilo.

Sasa usimcheke. Wewe ungefanyaje? Umeshatangaza kanisani unasafiri. Jumapili, ibada ikiisha, Mama Sylvie anakuja na tabasamu lake na mfuko uliozungushiwa selotepu mpaka hauonekani. Ni vitu kidogo tu vya mtoto wetu Djo, mama, amekosa chakula cha nyumbani miezi saba. Utamwambia subiri niupasue nione umetia nini? Mbele ya kina mama wote? Huyu mwanamke amechungulia chini ya magari kutafuta mabomu, amepekua masanduku ya mabalozi, lakini mzigo wa Mama Sylvie aliupokea kwa mikono miwili na kusema asante. Emery ndiye aliyesaidia kuufunga, siku hiyo hiyo. Jepchirchir alimwona na mkasi mkononi, akamsifia kwa moyo wake mzuri.

"Una silaha?" Inderjit aliuliza.

"Nina kalamu."

"Watoto?"

"Wako hapa."

"Warudishe hotelini."

"Hakuna wakati," akasema, akakata simu.

"Mum, you promised," Ronald alisema. Ana miaka kumi na mmoja na alikuwa na orodha yake: sinagogi la kale, mnara wa saa wa Bunge, kisha mahandaki ya wanajeshi kule Garrison. Sinagogi walishaliona. Mama yake alimwambia kwa Kiswahili kwamba mpango ni ule ule, ila watapitia sokoni kwanza. Ronald akanuna kwa Kiingereza.

Soko gani, hata yeye hakujua bado. Djo angeweza kuwa popote kwenye mji ule, na namba yake hakuwa nayo; Mama Sylvie ndiye aliyewapangia pa kukutana asubuhi.

Ila Djo ana adabu. Na mtu mwenye adabu akipokea mzigo lazima ampigie simu aliyeutuma.

Jepchirchir akampigia Mama Sylvie kwa WhatsApp, huku akitembea, mkono mmoja umemshika Charity. Na hapo ndipo alipokaribia kulia. Kwa sababu Mama Sylvie huwezi kumwuliza jambo kabla ya salamu. Habari ya safari. Watoto wamelala vizuri? Joto je? Wanakula? Jepchirchir alijibu yote, Mungu ni mwema, mama, dakika nzima ikaenda. Mwishowe akauliza kama Djo ameshapiga.

"Djo? Ameshaniita, mama. Aksanti sana. Iko ku soko ya Cheapside, anatafuta pilipili ya sombe. Iko na rafiki moja wa ku bateau, ku meli yao, bwana muzuri sana. Anataka kumusaidia mufuko, lakini Djo anakatala, anaubeba mwenyewe."

"Bwana gani, mama?"

"Sijui jina. Alinipungia mukono ku video."

Jepchirchir aliongeza mwendo.

Barabara ya Broad Street ilijaa abiria wa meli wenye kamera za Nikon. Kushoto maduka ya vito, kulia majengo ya zamani ya mawe na vibaraza vyake. Charity, mwenye miaka minane, alitaka kusimama kila dirisha. Ronald aliuliza kwa nini wanatembea kama watu wanaochelewa kanisani. Mama yao aliwaonyesha saa ya Bunge bila kugeuka na kuwaambia ni ya zamani sana, waipige picha wakiwa wanatembea. Aliona aibu. Alikuwa anawaibia siku yao, na alijua.

Saa nane kasoro kumi na tano walifika Cheapside.

Alimpata mama wa madafu, mwanamke mnene mcheshi aliyejitambulisha kwa jina la Magdalene, akamwomba awaangalie watoto dakika tano tu. Aliwaketisha kwenye benchi mahali atakapowaona. Kisha akavaa miwani yake ya Ray-Ban na kuingia kati ya meza za ndizi na viazi.

Djo alikuwa kwenye meza ya pilipili, kijana mrefu, anacheka. Kando yake alisimama mwanamume wa shati jeupe la kitani na saa ya Omega.

Mfuko ulikuwa umeshafunguliwa. Pakiti ya sombe ilikuwa mikononi mwa yule mwanamume. Kisu chake cha Victorinox kimekunjuliwa, na alikuwa anamwambia Djo kwamba anataka tu kunusa.

Mita tano.

"Djo," Jepchirchir aliita, kwa sauti yake ya kanisani. "Mama Sylvie ananisumbua. Anataka picha yako na mzigo. Bila picha haamini kwamba nimekupa."

Djo alicheka, akasema ndiyo, anamjua mama yake mdogo. Papo hapo akaitoa pakiti mikononi mwa rafiki yake, kwa heshima, akaikumbatia kifuani na kusimama wima kwa ajili ya picha. Yule mwanamume hakuwa amelitegemea hilo. Asingeweza kumnyang'anya mtu majani ya muhogo katikati ya soko.

Jepchirchir aliinua Samsung yake. Akapiga picha moja. Ya pili aliipiga sura ya mwanamume.

Mwanamume akaiona.

Alisogea mpaka mabega yao yakagusana. Ncha ya kisu ilikaa ubavuni mwa Jepchirchir, upande ambao Djo haoni. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba mama huyu ana watoto wazuri pale kwenye benchi, na kwamba ingekuwa vizuri amwombe kijana ile pakiti.

Jepchirchir aliogopa. Aliogopa kweli. Kisha hasira ikaja.

"Sawa," akasema.

Mkono wa kushoto ulikamata kifundo cha mkono wenye kisu na kukikunja nje. Mfupa ulialika. Mkono wa kulia ulikuwa umeshatoka mfukoni na kalamu inayofanana na ile ya wagonjwa wa kisukari, ila dawa yake ni nyingine. Akamchoma nayo pajani, kupitia suruali.

Sekunde moja. Mbili. Tatu.

Mwanamume akakaa chini kwenye vikapu vya pilipili, macho yamemgeuka.

"Jua limempiga," muuguzi aliwaambia watu, akakisukuma kisu chini ya meza kwa kiatu. "Leteni maji. Mlazeni ubavu."

Watu wakaleta maji. Wengine wakaleta kofia na ushauri. Jepchirchir alimpima mapigo ya moyo mbele yao wote, na yalikuwa mazuri tu, kisha akamtumia Inderjit ile picha ya sura yake na jina la soko. Baada ya dakika nane Toyota nyeupe isiyo na namba za polisi ilisimama, wanawake wawili wa usalama wa kisiwa wakashuka, wakamchukua mgonjwa wao.

Djo alibaki amesimama na pakiti yake. Jepchirchir alimwomba samahani, akamwambia lazima aipasue. Alisema samahani mara mbili. Kadi ilikuwa katikati ya majani, imefungwa kwa nailoni, selotepu haijaguswa. Sombe iliyobaki akamrudishia yote, akamwambia aipike.

Alimpigia Inderjit.

"Ninayo. Haijafunguliwa."

Inderjit alishusha pumzi. Akamwambia kazi nzuri. Kisha akauliza kama amelipata jina la yule muuguzi.

Angeweza kusema hapana. Emery hakujua kazi yake ya pili, Djo alikuwa anarudi baharini, na Mama Sylvie hakuna ambaye angemuuliza.

"Ni mimi," akasema. "Niliubeba mwenyewe. Sikuufungua."

Jepchirchir alisikia mashine za karakana kule Tyseley.

"Unaijua kanuni," Inderjit alisema hatimaye. "Anwani ikitoka nje hata saa moja, shahidi anahamishwa. Gari liko mlangoni kwake sasa hivi. Jina jingine, mji mwingine, na mtu mwingine wa kumlinda."

"Najua."

"Albert yuko hapa kwenye laini nyingine. Anaomba akuage. Na anataka kuwasikia watoto."

Jepchirchir aliwatazama. Charity alikuwa na dafu kubwa kuliko kichwa chake, anamwelezea Magdalene jambo refu. Alitaka sana kusema ndiyo.

"Asipige," akasema. "Mwambie asimpigie mtu yeyote anayemjua. Na mimi nikiwemo."

Alizima simu, akatoa laini na kuivunja kwa meno. Kisha akafuta uso kwa kitambaa, akavaa miwani, akaenda kwenye benchi na kumlipa Magdalene.

"Who was that?" Ronald aliuliza.

"Kazini."

"Do we have to go home?"

"Hapana," mama yake alisema, akashika mkono wa kila mmoja. "Tumeshamaliza. Twendeni mahandakini."