Shimo la Nguruwe Wenye Mimba

Maiti ya Pang Rongfa ilikutwa kifudifudi katika bwawa lake mwenyewe la samaki, kijijini Shunde, kusini mwa China. Kijiji kilishakata shauri: pombe. Mjane wake, Yulian, alimng'ang'ania Inspekta Ouyang Shufen mkono.

"Aliacha kunywa miaka sita iliyopita, Afande. Msimzike na sifa ya ulevi."

Ouyang hakuahidi kitu. Jumatatu majibu ya maabara yalifika. Damuni hamkuwa na kileo. Maji ya mapafuni hayakuwa ya bwawa. Yalijaa kinyesi cha nguruwe na estrojeni, homoni ya kike, mara tisini zaidi ya ile ya bwawani. Kiwango hicho hutoka kwa nguruwe wenye mimba, tena kinyesi kikiwa kibichi. Kikifunikwa siku sabini, sehemu kubwa ya homoni huisha.

Mfugaji wa namna hiyo alikuwa mmoja: Situ Guoliang, jirani wa juu ya mtaro unaoingiza maji bwawani, rafiki wa marehemu tangu utotoni.

"Shimo lako la kinyesi ulilifunga lini?"

"Mwaka Mpya, Afande. Halijaguswa. Nangoja siku sabini, kama baba alivyonifunza."

Ouyang alibonyeza udongo uliozibia mfuniko. Kidole kikazama.

"Udongo wa mwezi mzima, bado mbichi?"

"Mvua hizi..."

"Chini ya bati?"

Muuaji mwingine angekimbia na kuliacha shimo wazi. Situ alilikandika upya, vizuri kabisa, kama mfugaji aliyelelewa akalelewa.

"Nguruwe wamezidi, shimo halitoshi," alisema hatimaye. "Nikawa nafungulia kibichi mtaroni. Wiki iliyopita Pang kaja na samaki dume, tumboni ana mayai. 'Ona ulichonifanyia, Guoliang!' Akasema ameshajaza chupa ya maji ya mtaro ikapimwe. Sikumngoja amalize. Serikali ingenifungia mabanda ya baba yangu, Afande! Nikamsukuma."

"Akaanguka shimoni."

"Akaniita jina langu la utotoni. Nikasimama tu. Baadaye nikamkokota hadi bwawani kwake."

Alifungwa pingu, akapakiwa garini. Ouyang alipitia kwa Yulian kumwambia kwamba mumewe hakuwa amelewa, kisha akauliza habari za chupa. Mjane aliitoa nyuma ya mboga za chumvi.

"Hii? Alitaka yeye na Guoliang wakaipime kwanza, kabla serikali haijajua. Jumapili walikuwa waanze kuchimba shimo la pili. Alisema Guoliang peke yake hataweza."

Ouyang alirudi garini akamwambia Situ maneno hayo. Hakuna sheria iliyomlazimisha, ila aliona ni haki yake ayasikie. Situ alilia kwa sauti njia nzima hadi kituoni.