Saa ya Huko na Saa ya Hapa

Simu iliita Fundi Cheche akiwa anachomelea fremu ya dirisha. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Alivua miwani myeusi, akapokea. Alikuwa binti yake, anayeishi nchi ya mbali.

"Baba, tumeshapanda ndege! Tunaondoka sasa hivi, saa mbili asubuhi. Tutafika huko saa mbili usiku!"

Simu ikakatika. Cheche aliruka kama mtoto. Miaka minne alikuwa hajamwona binti yake. Mjukuu alimjua kwa picha tu.

"Mke wangu, wanakuja!"

Mkewe aliacha cherehani, akapiga vigelegele.

Cheche akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano asubuhi.

"Saa mbili mpaka saa mbili ni muda wa saa kumi na mbili," alisema. "Wanaondoka sasa, saa tano. Basi watafika saa tano usiku. Dereva aje saa nne."

"Si amesema saa mbili?"

"Furaha imemchanganya. Hata saa ya sasa ameikosea!"

Vigelegele vilimleta jirani yao mbio. Mama huyu alihudumia abiria ndani ya ndege miaka mingi.

"Kuna nini, jamani? Mbona mmenificha harusi?"

Walimweleza. Jirani akatikisa kichwa.

"Shemeji, utawaacha binti yako na mtoto mdogo wakikodoa macho mlangoni pa uwanja wa ndege! Hakukosea. Huko jua ndiyo kwanza linapanda. Saa zetu zimewatangulia kwa saa tatu. Tiketi huandika kuondoka kwa saa ya huko, na kufika kwa saa ya hapa."

"Sasa angani watakaa muda gani?"

"Anza na umbali. Kutoka uwanja ule hadi wetu ni kama kilomita elfu nane. Ndege kubwa huenda karibu kilomita mia tisa kwa saa. Gawanya."

Mkewe Cheche alishashika chaki yake ya kupimia nguo. Aligawanya juu ya kipande cha kitambaa.

"Inakaribia saa tisa!"

"Umepatia. Ikipaa na ikitua hupunguza mwendo, kwa hiyo sema saa tisa."

Cheche alihesabu kwa vidole, kuanzia saa tano. Akafika kidole cha tisa.

"Loo! Saa mbili usiku!"

"Na upepo ukiisukuma kwa nyuma, huwahi. Ukiizuia mbele, huchelewa. Pigeni simu uwanjani kabla ya kutoka."

Jioni walipiga. Ndege ilikuwa inawahi kwa nusu saa! Cheche alivaa shati akikimbilia gari, vifungo vimepishana.

Walifika uwanjani ndege ikiwa imetua dakika chache tu. Abiria walianza kutoka. Cheche alisimama kwa ncha za vidole. Mara akasikia, "Baba!"

Binti yake alimkumbatia, akalia na kucheka pamoja. "Niliogopa sitawakuta."

"Tungekukosaje?" alisema Cheche. Mkewe akamtazama kwa jicho la pembeni.

Mtoto aliletwa mikononi mwa babu. Alikuwa macho kabisa, akirusha miguu na kumvuta babu masharubu.

"Usiku huu hana hata dalili ya usingizi?" aliuliza bibi.

Cheche akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Atasinziaje? Kwake bado ni saa kumi na moja jioni. Huu ni wakati wa kucheza!"

Akamrusha juu, akamdaka. Mtoto akaangua kicheko, ukumbi mzima ukageuka kuwatazama.