Lenzi ya Madamu Dawlat

Jioni ile Dokta Wagdi alimuaga mkewe kwamba anakwenda kununua mkate. Mkate kweli ulihitajika, ila tanuri liko mtaa wa pili, naye alipanda teksi mpaka Heliopolis. Inshirah, mkewe, hakudanganyika. Aliuona mkoba mweusi wa kamera begani.

"Msalimie mke mwenzangu," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Wagdi alikuwa mfamasia, na katika Kairo mfamasia ni dokta awe asiwe. Mchana aliuza vidonge vya presha. Ijumaa alizurura mitaa ya kale na wenzake saba wenye ugonjwa wa kamera kama wake. Wenzake walizungumza juu ya picha. Yeye alizungumza juu ya vioo. Angeweza kukueleza kwa nini lenzi hii inafifia pembeni na ile inatia rangi ya zambarau kwenye ncha za majani, na kama ungemuuliza ni picha gani aipendayo katika zote alizopiga, angekutajia lenzi. Hilo ndilo lililomponza, tuliseme mapema.

Tangazo lilisema: lenzi ya picha za sura, kioo safi, mwenyewe amefariki.

Aliyefungua mlango ni mjane, Madamu Dawlat, mwenye miwani mizito. Nyumba ilinuka ubani na, chini ya ubani, udongo mbichi. Lenzi ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Wagdi aliinyanyua, akaielekeza kwenye taa, akachungulia ndani kutafuta ukungu na mikwaruzo.

Safi. Hata punje ya vumbi hakuna.

Ukutani, juu ya meza, palikuwa na picha ya mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi. Kwenye pembe ya fremu ulifungwa utepe mweusi.

"Dokta," mjane alisema kwa sauti ya chini, "nakuuliza moja tu. Una watoto?"

Wagdi alikuwa na binti, Rihab, miaka sita. Lakini mtu aliyelelewa mji ule hamtaji mwanawe mzima mbele ya mama aliyefiwa na wake. Husuda haina haja ya nia mbaya. Hushuka yenyewe kutoka kwenye moyo unaouma. Wagdi aliyesoma kemia miaka mitano, aliyemcheka mkewe kwa kumbandika mtoto shanga ya buluu ya kukinga jicho baya, aliusikia mdomo wake ukijibu kabla yake.

"Hapana, madamu. Mungu hajaandika."

Mjane alishusha pumzi. Alimgusa mkono, na vidole vyake vilikuwa vya moto.

"Basi chukua. Piga majengo. Piga mto."

Wagdi alidhani ni uzee. Alirudi nyumbani bila mkate.

*

Ijumaa baada ya sala aliijaribu kama wanavyojaribu wote wenye ugonjwa ule. Alipanga paketi kumi za dawa mezani, mshazari, akalenga ile ya katikati. Ikatoka kali mpaka herufi za chini kabisa za tarehe ya kuharibika dawa. Akacheka peke yake. Jikoni Inshirah alikuwa akikaanga taamia za maharage, na nyumba nzima ilinukia giligilani.

"Rihab! Njoo ukae hapa, kwenye mwanga."

Rihab alikuja akiruka mguu mmoja, gauni la njano, shanga ya buluu kifuani. Huyu alikuwa mtoto asiyetulia. Ukimwambia kaa, anakaa juu ya miguu yake, kisha upande, kisha chini ya kiti. Picha zake zote zilikuwa za mtoto anayetoka.

"Utanipa nini?"

"Halua. Kaa kama binadamu."

"Binadamu gani?"

"Binadamu aliyekufa. Usitikisike."

Mungu amsamehe, alisema hivyo.

Alilenga jicho lililo karibu, kama ilivyo kanuni. Akabonyeza. Akatazama nyuma ya kamera. Uso wa Rihab ulikuwa umefifia. Hatua tatu nyuma yake, fremu ya mlango wa ukumbini ilikuwa kali kupita kiasi. Michirizi ya mbao ilihesabika. Na kwenye ukingo wa fremu, mistari minne ya kahawia, imelala sambamba.

Uchafu, alisema moyoni. Akaukuza ukali wa mbao, akaridhika nao. Ndivyo alivyokuwa. Alitazama ukali, hakutazama kilichokuwa kikali.

Alipiga mara tatu. Mara tatu lenzi iliuacha uso wa mtoto ikashika mlango. Inalenga nyuma, akasema. Kasoro hiyo inajulikana na dawa yake inajulikana. Mle ndani ya kamera kuna mahali pa kuivuta shabaha mbele, hatua kwa hatua, ishirini kwa jumla. Lenzi iliyozipatia paketi za dawa na kumkosa mtoto ingemtia mtu mwingine wasiwasi. Wagdi ilimtia hamu.

Akavuta hatua saba.

Sasa mlango ulififia, na mistari haikuwepo. Kilichokuwa kikali ni kiti kingine, cha ukindu, nyuma ya Rihab. Juu ya mgongo wa kiti... mistari minne. Ilikuwa na maungio. Ilikuwa na kucha.

Aliinua macho. Kiti kile cha nyuma kilikuwa kitupu.

Harufu ya taamia ilikuwa imekatika. Mahali pake palikuja ubaridi wa udongo mbichi, kama wa ghala la chini lililofunguliwa baada ya miaka.

"Baba." Rihab alikuwa akinong'ona. Hakuwa na desturi ya kunong'ona. "Nani ananipumulia shingoni?"

"Feni hiyo."

"Feni imezimwa, baba."

Kweli ilikuwa imezimwa. Hapo ndipo mzazi angetupa kamera akamkumbatia mwanawe. Wagdi mwenyewe baadaye alilirudia jambo hili usiku na mchana, na hakuna namna aliyoligeuza likawa na heri. Aliogopa, hilo ni kweli. Lakini alibakiza hatua chache tu. Ukali ulikuwa umefika karibu na sikio la mtoto. Bado kidogo ufike jichoni.

"Moja ya mwisho," alisema. "Usitikisike."

Akavuta hatua sita.

Akabonyeza.

Picha ilikuwa kamili. Kila unywele wa kope ulisimama peke yake. Katika miaka kumi na tano hakuwahi kupata picha kama ile, na furaha ilimpanda mpaka kooni. Alilikuza jicho, kwa kuwa ndani ya mboni ndimo ukali unamopimwa. Kwa kawaida utakuta humo dirisha dogo, na mpiga picha mdogo ameinama na kamera yake.

Dirisha lilikuwemo. Pazia lilikuwemo.

Mpiga picha hakuwemo.

Mahali pake alisimama mtoto, mdogo kuliko punje ya ufuta, gauni la njano. Viganja viwili amevibandika mbele yake, kama anasukuma kioo.

Wagdi aliinua kichwa polepole. Kwenye kiti mtoto alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Hakupepesa.

"Nimekaa vizuri, baba?"

*

Inshirah alifurahi. Tusimlaumu. Binti aliyekuwa akikimbizwa na kijiko nyumba nzima sasa alimaliza sahani na kusema ahsante. Alilala akiambiwa. Siku ya tatu aliomba atolewe ile shanga ya buluu, inamkwaruza, na mama yake akaitoa.

"Mtoto amekua," alisema. "Wewe una nini? Unamtazama kama mgeni."

Wagdi alichukua mkoba wenye ile lenzi. Alikwenda Heliopolis.

Madamu Dawlat aliyaangalia macho yake, akaketi kabla ya kukaribisha.

"Uliniambia huna."

"Niliogopa jicho lako."

"Jicho langu." Mjane alicheka kicheko kikavu. "Na mimi niliuliza kwa ajili yako. Ningekueleza yote ungesema huyu mwehu, ungeinunua hivyo hivyo. Nikauliza swali moja tu, dokta."

"Mumeo alifanyaje?"

"Bahgat naye alidhani ni kasoro ya lenzi. Alivuta mpaka ikakaa sawa. Halafu akarudisha hatua zote, moja moja, kwa miezi. Kile kitu hakikurudi nyuma. Kimeshafika, kirudi kwani kina wazimu?"

Wagdi alitazama picha ukutani, ule utepe.

"Alikufa lini? Yule... aliyebaki."

"Nani kakwambia alikufa?" Mjane alivua miwani akaipangusa kwa foronya ya mto. Alinong'ona sasa. "Utepe tuliufunga yule angali anakula nasi mezani. Hakuuliza ni wa nani. Leo ana mke, yuko Mansura. Hunipigia simu kila Ijumaa. Hunisikiliza, hunitumia dawa. Mwema kuliko wangu."

"Na wako?"

"Wangu yumo humo." Alinyoosha kidole kwenye mkoba. "Ndiyo maana hatukuivunja. Bahgat alimpiga picha yule ili amwone huyu ndani ya jicho lake. Kila mwaka huyu alikuwa mbali zaidi. Bahgat akafa. Mimi macho yameniisha. Nikasema apewe mtu asiye na wake, aitunze tu. Kumbe nawe ulikuwa na wako."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

*

Miezi minne baadaye Wagdi aliingia duka la kamera mtaa wa Abdel Aziz, saa za alasiri. Alikuwa amekonda. Ijumaa za wenzake alikwishaziacha. Muuzaji, kijana mcheshi aliyemfahamu zamani, alimtandazia mbele yake kila jipya.

"Hii nyepesi. Hii haishindwi na giza. Hii video yake hatari."

"Nataka ile yenye megapikseli nyingi kuliko zote."

"Dokta, zote hizo za nini? Unachapisha mabango ya barabarani?"

"Nakuza," alisema Wagdi. "Kuna kitu kidogo nataka kukiona."

Hakusema kwamba kwa kamera yake gauni la njano limebaki nukta nne. Wiki iliyopita zilikuwa sita. Hakusema kwamba viganja havionekani tena, na hajui kama bado anasukuma au amechoka.

Muuzaji alifunga boksi kwa uzi, akipiga soga kama wafanyavyo.

"Siku hizi unapiga nini hasa? Majengo?"

"Mwanangu."

"Mungu akuhifadhie. Unao wangapi?"

Wagdi aliweka noti juu ya kaunta. Safari hii alisema kweli.

"Mmoja. Yuko mbali."

Muuzaji alisita, uzi mkononi. Aliinama kidogo juu ya kaunta, akamtazama msichana wa miaka sita aliyesimama kando ya dokta, mkono ndani ya mkono wake, ametulia tuli.

"Na huyu je?"

Vidole vinne vilikaza kwenye kiganja cha Wagdi. Vilikuwa na ubaridi wa udongo.

"Baba anatania," alisema mtoto, akatabasamu.