Mmea wa Jerusha Hauna Maziwa

Kila asubuhi Jerusha alipika uji, kisha akaumwagilia mmea wake maji. Mmea huo ulikaa dirishani, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Haukuwa na majani. Ulikuwa shina la kijani lenye pembe tatu na miiba midogo. Ni aina ya dungusi inayopenda kupanda juu ya mti au ukuta.

Jerusha alitoka Kisii, akaolewa na Cephas karibu na Oyugis, kwa Wajaluo, miaka michache baada ya Uhuru. Siku ya harusi mama yake alimkatia kipande hicho cha mmea. Sasa mama alikuwa amefariki na nyumba yake imebomolewa. Hapakuwa na kipande kingine.

Mama mkwe, Filister, hakuupenda mmea huo. Yeye na Jerusha walizungumza Kiswahili, kwa maana kila mmoja hakujua vizuri lugha ya mwenzake. Kiswahili cha Filister kilikuwa kidogo, lakini cha kulalamika kilimtosha. Alidai ule ni ojuok, mti wa uzio wenye maziwa makali yanayoweza kupofusha macho. Na mjukuu wake alikuwa ameanza kutambaa.

"Nyar Kisii," alisema, yaani binti wa Kisii, "ojuok inakaa kwa uzio. Haikai nyumba moja na mtoto. Kesho naitupa."

Jerusha aliumwagilia mmea tena, akitumaini ungependeza na kuachwa. Ndipo akaona shina limekuwa jeusi na laini chini, kama ndizi iliyooza. Alilia.

Kesho yake bwana shamba, Nicanor, alikuja kuangalia mahindi. Jerusha akamwita ndani. Nicanor alibonyeza shina, akanusa udongo, akasema ni maji yanayouua. Kopo halikuwa na matundu, na udongo mweusi hushika maji. Mizizi ilikuwa imeoza.

"Tukate," alisema. "Sehemu ya juu bado ni nzima."

"Ni ya mama yangu," Jerusha alisema. "Ukikata, nitabaki na nini?"

"Usipokata, hutabaki na kitu."

Filister alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Alimfunika mtoto macho kwa leso. Jerusha alishika kisu mwenyewe, akakata.

Maziwa hayakutoka. Yalitoka maji ya utelezi tu. Nicanor akaenda kwenye uzio, akavunja kitawi cha ojuok kwa uangalifu, na maziwa meupe yakadondoka. Akamwonyesha Filister kwa mbali.

"Mama, wewe una haki kuogopa hii," alisema. "Lakini ile ya nyumba si ndugu yake. Ile iko na miiba tu. Iwekwe juu, mtoto asifikie."

Aliponawa mikono, alimweleza Jerusha la kufanya. Kipande kizima kilazwe kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke. Kopo litobolewe chini. Udongo uchanganywe na mchanga na samadi kidogo ya zamani. Kijiti kisimikwe koponi ili mmea upande. Ukae penye mwanga, lakini si kwenye jua kali la mchana. Na kabla ya kumwagilia, atie kidole udongoni. Ukiwa bado na unyevu, asubiri.

Kusubiri kulimshinda Jerusha mwanzoni. Mkono wake ulizoea kumwaga. Lakini alisubiri, na mmea ukatoa mizizi, ukakishika kijiti, ukapanda mpaka karibu na dari.

Mtoto alipokuwa ameshaanza kukimbia, mmea ulichanua. Alfajiri waliamka wakakuta ua jeupe, kubwa kuliko kiganja, na harufu nzuri nyumba nzima. Jerusha alisema nyumba ya mama yake ilinukia hivyo. Filister aliketi akalitazama mpaka likaanza kunywea.

Jumamosi Filister alimjia Jerusha na kopo tupu mkononi. Alikuwa ameshalitoboa chini kwa msumari.

"Nyar Kisii," alisema, "nikatie kidogo ya mama yako."