Yule wa Kijani

Miwani yake ilikanyagwa kwenye ngazi za stesheni, jioni ile ambayo kila mtu anakimbilia kwake na hakuna anayemwomba mwenzake radhi. Mshona mapazia aliinama akapapasa sakafuni, akaokota fremu iliyopinda, na alipoinuka dunia ilikuwa imeyeyuka. Taa zilikuwa madoa ya manjano yanayoelea. Watu walikuwa rangi tu, zinapita zikipishana bila nyuso. Kwa mtu aliyekuwa amelia tangu mchana, haikuwa dunia mbaya sana. Angalau hakuwaona waliokuwa wakimtazama.

Ndipo rangi moja ya kijani ikasimama mbele yake isiondoke.

"Unakwenda wapi?" ilimuuliza kwa mnong'ono.

"Treni ya mashariki. Ila sioni kitu. Na wewe mbona unanong'ona kama mwizi?"

"Sauti imenikauka. Nimepiga kelele kutwa nzima. Shika shati langu hapa nyuma, twende polepole."

Akashika pindo la shati, akafuata. Walipita katikati ya umati kama wanaopita ndotoni, bila kusukumwa, bila haraka, mpaka kwenye benchi. Treni ilichelewa. Na kwa kuwa hamjui mtu yule, hamwoni, na mwenyewe hawezi hata kumjibu kwa sauti, nani asingefungua moyo? Alimwaga yote.

"Mpenzi wangu yumo kwenye ile programu ya simu, ile ya wachumba," alisema. "Miaka yote hii yuko na mimi, kumbe kule ameandika hana mtu! Nikajisajili na mimi ili nikamchungulie. Hebu fikiria. Najionea aibu mwenyewe."

Rangi ya kijani haikumpa pole za bure. Ilikaa tu, ikamsikiliza, na treni ilipofika ikamfikisha hadi mlangoni.

"Wewe wa kijani," alisema mkono ukiwa kwenye chuma cha mlango, "nimekwambia mambo ambayo hata mama yangu hayajui. Niapie kwamba ukiniona tena utajifanya hunijui."

"Naapa. Lakini jina la—"

Mlango ukajifunga.

Siku zilikwenda, zikaja nyingine. Mshona mapazia alipata miwani mpya, akafuta machozi, akarudi kwenye cherehani yake. Aibu ya siku ile aliizika, na yule wa kijani akazikwa nayo. Kwa hiyo mwalimu wa chekechea alipoingia dukani mwake mwaka uliofuata, shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi vizuri, sauti nzito ya kujaza chumba, yeye aliona mteja tu.

Mteja mwenyewe alipigwa na butwaa. Alisimama kati ya marobota ya vitambaa akimeza mate.

"Karibu," alisema mshonaji, pini bado zimo midomoni. "Unataka nini?"

"Mapazia. Ya chumba ambacho watoto wanalala mchana."

"Rangi?"

"Kijani," alijibu, kisha akangoja, kama mtu aliyeuliza swali.

"Sawa. Una vipimo vya madirisha?"

Hakuwa navyo. Alivileta kesho yake, na vilikuwa vya uongo, kwa sababu mapazia yalipokamilika yalifika nusu ya dirisha tu. Akarudi. Safari hii yakawa yanaburuta sakafuni.

"Mwalimu, unapima kwa nini, kwa macho ya huba?"

"Nikipima sawasawa nitakosa sababu ya kuja."

Mshonaji alicheka mpaka akaketi. Basi penzi likaanza hapo, penzi la taratibu, la alasiri ndefu dukani, mwanga ukichujwa na vitambaa vilivyotundikwa hivi kwamba wakati mwingine chumba kizima kilikuwa samawati na wao wamo ndani yake kama samaki wawili wasio na shida. Alimwita "Mapazia wangu." Naye alimwita "Mwalimu" tu, lakini jinsi alivyolivuta neno hilo mwishoni, majirani walijua.

Wakapanga. Jumapili Mwalimu angekwenda na mjomba wake nyumbani kwa mama yake mshonaji, kuongea mambo ya ndoa.

Hapo ndipo dada mtu alipoingia kati. Dada huyu, karani wa hoteli, mwenyewe alikuwa kwenye programu ya wachumba akitafuta wa kwake, na hakusahau yaliyompata mdogo wake.

"Mdogo wangu, safari hii tuhakikishe mapema. Ngoja nimsake kule."

"Dada, acha. Huyu siye wa hivyo."

"Yule wa kwanza pia hakuwa wa hivyo."

Ijumaa, simu ikalia juu ya meza ya kukatia. Dada ametuma picha, hakuweka neno. Ilikuwa sura ya Mwalimu, tabasamu lile lile, na juu yake nembo ya programu ile.  Mshonaji aliketi juu ya robota la kitambaa. Alikuwa ameshaipita njia hii, na hakutaka kuipita tena.

Jioni Mwalimu akapiga mwenyewe, hana hili wala lile.

"Mapazia wangu! Mjomba anauliza, avae koti au—"

"Msije."

"Kuna mgonjwa?"

"Mwalimu, dada amenitumia picha yako. Wewe umo kwenye programu ya wachumba?"

 Angekana, angalau wangegombana. Lakini alikuwa mtu mkweli kupita kiasi.

"Nilijiunga zamani. Nilipokupata sikurudi tena humo."

"Ulikuwa unamtafuta nani?"

"Siwezi kukwambia. Niliapa."

"Ulimwapia nani?"

"Mwanamke mmoja. Kipenzi, niulize mengine yote, ila hilo—"

"Mwanamke mmoja!"

"Dada yako amekutumia picha tu, au na maandishi?"

"Picha inanitosha," alisema, akakata simu. Kisha akaizima. Alimpenda, ndiyo maana iliuma vile.

Asubuhi dada alikuja na mkate na pole nyingi. Mshonaji alikuwa amekaa dirishani, macho yamevimba, akifumua pazia ambalo halikuwa na kosa.

"Alisema nini?"

"Eti kuna mwanamke alimwapia. Eti nisome maandishi."

"Maandishi gani? Mimi niliangalia sura tu, nikakurushia." Dada akatoa simu, akafungua ukurasa, akasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo. Akaacha kutafuna. "Mh. Hebu soma mwenyewe."

Chini ya picha iliandikwa:

*Sitafuti mchumba. Namtafuta mtu mmoja. Miwani yako ilivunjika stesheni, ukashika shati langu mpaka kwenye benchi. Uliniapisha kwamba nikikuona tena nijifanye sikujui, na nitajifanya hivyo. Nataka kujua tu kama ulifika salama. Sina jina lako, ila najua huenda ukapita huku siku moja kumchungulia mtu. Ukipita, mimi ni yule wa kijani.*

Mshonaji alisoma, akarudia. Zile rangi za stesheni zikamrudia zote, na taa zinazoelea, na pindo la shati kati ya vidole vyake.

"Ndiye yeye?" aliuliza dada.

"Sikuwahi kumwona, dada. Nilisimama naye, nikamlilia, na sikuwahi kumwona." Akaanza kulia tena, lakini kilio hiki hakikuwa cha jana. "Leo shule yao ina michezo, na siku ya michezo walimu huvaa kijani. Nipe viatu vyangu."

Uwanja wa chekechea ulikuwa umejaa vumbi, filimbi na watoto. Langoni mshonaji alisimama, amevaa gauni la rangi ya maziwa. Akavua miwani.

Dunia ikayeyuka. Madoa mekundu na ya manjano yalikuwa yakikimbizana, yakianguka, yakiinuka. Katikati yao ilisimama rangi moja ya kijani, mabega yameshuka, haishangilii mtu. Aliifuata polepole, akapapasa mgongoni mwake, akashika pindo la shati.

Rangi ya kijani ikaganda. Haikugeuka.

"Unakwenda wapi?" ilinong'ona.

"Kwa mama. Kesho. Wewe na mjomba wako, na avae koti." Akalivuta pindo kidogo. "Kile kiapo nakufutia. Niapie kingine. Ukiniona tena, popote pale, ujifanye unanijua."

Watoto walikuwa wameanza kuwazunguka. Mmoja akavuta suruali ya yule wa kijani.

"Mwalimu, huyu nani?"

Mwalimu aligeuka, akaichukua miwani mkononi mwake, akamvika taratibu, sikio moja kisha la pili, mpaka mshonaji akauona uso wa Mwalimu wote, umelowa machozi, unacheka.

"Namjua," alisema, kwa sauti yake yote. "Huyu namjua."