Kanga ya Mama Mdogo

Eunice, rafiki yangu wa Makoko, alinisimulia haya akiangalia chini. Anachoraga vijitabu: karatasi moja anaikunja kurasa nane, anatoa fotokopi, anawagawia wenzake wa kwaya. Katika cha mwisho alichora msiba wa kule kijijini Nyasura, na ukurasa wa nne akamweka mama yake mdogo, Nyangi, akilia kwenye kaburi la mumewe huku kanga imemdondoka. Kwaya nzima ilicheka.

Picha ya ukurasa huo ikamfikia mama mdogo kwenye simu. Akampigia Eunice.

"Siku ile nilikuwa namlilia mume wangu, mwanangu. Kumbe wewe ulikuwa unaangalia kanga yangu."

Jioni hiyo Eunice alipita nyumba kwa nyumba akiomba vijitabu virudishwe, akavipata vyote ishirini, akavifunga kwa mpira na kuvitia mkobani. Alipoingia tu chumbani kwake, umeme ukakatika. Gizani akasikia karatasi zinakunjuka ndani ya mkoba, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayetafuta ukurasa. Halafu kitambaa kikakung'utwa, mara moja tu, karibu na sikio lake.

Umeme uliporudi, mpira ulikuwa bado umefungwa vilevile. Akafungua kijitabu cha kwanza, cha pili, hadi cha mwisho. Katika vyote, kwenye ukurasa wa nne, kanga ilikuwa imefungwa kiunoni na kukazwa. Alipogusa fundo, wino ulimchafua kidole.