Dakika Tisa Bila Maiki

"Tusekile mwanangu, hawa wageni unawafahamu?"

Shangazi Gwantwa ndiye aliyeuliza. Sebule nzima, kule milimani Ileje, ikamgeukia mchumba wangu. Baba mdogo Efraimu, msemaji wetu kwenye posa, alishusha kikombe cha chai taratibu. Mzee Mbonile, baba yake Tuse, alitazama mlango.

Tuse aliinamisha macho. Akanyamaza.

Nilihesabu moja, mbili, tatu. Nikashindwa kuvumilia.

"Anatufahamu, shangazi!" nikasema. "Anaona aibu tu. Moyoni anasema ndiyo!"

Watu wakacheka. Tuse hakucheka. Alinyanyuka, akatoka kwa mlango wa uani, na hakurudi.

"Kijana," shangazi akasema, "nilimuuliza mwanangu. Sikukuuliza wewe."

"Chai mmekunywa," mzee Mbonile akaongeza kwa upole. "Mkihitajika, mtaitwa."

Hatukufukuzwa, lakini tuliondoka kama tuliofukuzwa. Tulipofika kwenye lami, baba mdogo akanigeukia.

"Osward, huo mdomo wako utakuzeesha bila mke."

Nijitetee kidogo. Mimi kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nina banda la video hapa Tunduma, karibu na foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia. Mhusika akifungua mlango, nasema anafungua mlango. Akinyamaza, namtungia maneno. Kwenye banda langu kukiwa kimya hata kidogo, watu wanadhani umeme umekatika.

Jioni ile nilimwandikia: "Tuse, nimekosa nini? Si ungesema ndiyo hiyohiyo?"

Jibu lilikuja kesho yake: "Umenitafsiri kama ulivyotafsiri ile filamu."

Ile filamu. Mwezi wa tatu Tuse alifiwa na mama yake. Wiki mbili baada ya msiba alikuja bandani na flashi mkononi.

"Osu, kuna filamu nimepewa ofisini. Nataka tuiangalie wote."

Tuse anafanya kazi kwenye ofisi ya mawakala wa forodha. Anashinda akisubiri mihuri ya malori ya watu. Labda ndiyo maana filamu za kusubiri hazimsumbui. Mimi zinanisumbua. Hii ilikuwa ya mwanamke anayeishi peke yake kwenye kituo angani, karibu na sayari ya mbali. Sauti ya kutoka nyumbani inachukua saa nyingi kumfikia. Siku moja inafika sauti ya kaka yake: mama amefariki, na tumeshamzika. Baada ya hapo ni dakika tisa za mwanamke kuchemsha maji na kukaa dirishani. Hakuna bunduki, hakuna busu, hakuna neno.

Sasa mimi niliiweka Jumamosi mchana, banda limejaa, maiki mkononi.

"Oyaa, dada hapa anapika chai ya wakwe! Sasa anajiuliza, hivi gesi nimezima?"

Watu walivunjika mbavu. Nilipogeuka kumtafuta Tuse ili naye acheke, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi. Nikadhani ameitwa kazini.

Sasa, baada ya kusoma jibu lake, nikampigia simu.

"Tuse, ile filamu nilikosea wapi? Haina hata stori."

"Mama alipofariki, nilikuwa wapi?"

"Hapa Tunduma. Mvua ilikuwa imekata barabara ya mlimani."

"Nilifika lini?"

"Wakiwa wameshazika."

"Kila mtu alikuwa ananisemesha, Osu. Usilie. Kula. Mama amepumzika. Wewe ulinipigia stori njia nzima ili nisiwaze. Nilitaka kuwaza! Yule dada wa kwenye filamu ndiye mtu pekee aliyekaa kimya na mimi. Hata huyo ukamsemea."

 

"Na pale sebuleni?"

"Swali la shangazi, mama alisema siku ikifika ataliuliza yeye. Nilikuwa namuona pale kwenye kigoda chake karibu na mlango. Nilihitaji muda kidogo tu. Ukajibu wewe."

"Ungejibu nini?"

"Hukusubiri ujue."

Akakata simu.

Jumanne asubuhi nilibandika karatasi mlangoni: LEO HAKUNA TAFSIRI. Nikaweka flashi. Maiki nikaifungia kwenye droo, maana najijua.

"DJ, maiki imekufa?" mmoja akauliza.

"Nzima."

Zile dakika tisa zikaanza.

"Imeganda hiyo!"

"Haijaganda. Maji yanachemka."

"Peleka mbele basi!"

"Sipeleki."

Wakatoka sita, wananiona nimechanganyikiwa. Wakabaki wanne.

Dakika ya pili nilikuwa na vichekesho vitatu mdomoni. Ya nne viliisha. Ya sita ndipo nikaona kitu: yule mwanamke alikuwa ametoa vikombe viwili. Anaishi peke yake, halafu anamimina chai kwenye vikombe viwili. Kimoja alikishika. Cha pili alikiweka upande wa pili wa meza, akakaa nacho mpaka mvuke ukaisha. Filamu haikusema cha nani. Iliniachia mimi niseme, na mimi nilijua ni cha nani.

Nilikuwa nimeionyesha filamu hiyo kwa banda zima na sikuwa nimewahi kuiona. Nililia. Siyo machozi ya kujifuta na kidole, nililia kweli, nikiwaza jinsi nilivyomwacha Tuse peke yake akiwa amekaa karibu yangu.

Ilipoisha, dereva mmoja Mzambia aitwaye Brian alibaki kwenye benchi.

"Ba DJ," akaniambia kwa heshima ya kwao, "hii ndiyo filamu."

"Haichoshi?"

"Inachosha. Lakini haikusukumi. Mimi nina siku nne kwenye foleni, natazama tela la mwenzangu. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira. Siku ya tatu nikaanza kumuwaza baba yangu, na mambo ambayo miaka kumi barabarani sikupata nafasi ya kuyawaza. Sinema zingine zinakukimbiza. Hii imenisubiri."

Akanipa mkono, akashukuru kwa Kibemba. "Natotela, ba DJ."

Nikamwandikia Tuse: "Nimeiangalia bila maiki. Ana vikombe viwili."

Hakujibu siku hiyo. Hakujibu kesho yake. Osward wa zamani angetuma meseji ishirini na wimbo juu. Nilikaa na simu yangu nikaiacha ilivyo. Siku ya tatu ikalia mlio wa meseji.

"Kumbe ulikiona."

Baadaye kidogo ikaja nyingine: "Shangazi anasema mje Jumamosi."

Sebule ilikuwa ileile. Chai ileile. Shangazi Gwantwa akakunja mikono.

"Tusekile mwanangu, hawa wageni unawafahamu?"

Tuse akanyamaza.

Kuku aliingia, akazunguka chini ya meza, akatoka. Chai yangu ikaweka utando. Baba mdogo, yuleyule aliyenisimanga kwa mdomo wangu, akanikanyaga mguu.

"Sema kitu," akaninong'oneza. "Tunaumbuka."

Nikatikisa kichwa. Safari hii sikulijua jibu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Inawezekana alituita ili akatae mbele ya watu. Ilikuwa haki yake. Jasho lilinishuka usoni.

Tuse alikuwa anatazama kigoda karibu na mlango. Hakuna aliyekuwa amekikalia. Machozi yakamtoka, akayafuta na pindo la kitenge bila haraka. Mzee Mbonile naye akageukia kigoda. Nami nikakitazama. Tukakaa hivyo, watu wazima wote wale, bila neno.

Kisha Tuse akainua uso.

"Nawafahamu, shangazi. Na yule wa mwisho, anayetokwa jasho, ndiye niliyemkubali."

"Mbona umechukua muda hivyo?"

"Nilikuwa naongea na mama kwanza."

Shangazi akakunjua mikono. "Amesemaje?"

Tuse akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nikaona anacheka.

"Amesema leo katulia. Mpokeeni upesi, kabla hajaanza kuongea tena."

Vigelegele vikalipuka. Nikafungua mdomo ili nishukuru, na baba mdogo akaniwahi na kikombe cha chai.